Mgeni wa Heshima Kutoka Buffalo

Wazo la kumwita Reginaldi lilikuwa la Hesbon mwenyewe, wala asimsingizie mtu. Alilitoa kikaoni, sebuleni kwake, akiwa ameketi vizuri, miguu imepishana, na wenzake wakampigia makofi.

Nyumba ya Chungu Kimoja, kule Louisville, ilikuwa inauzwa. Ni nyumba ya mbao iliyochoka, yenye baraza inayolia ukiikanyaga. Wanafunzi Wakenya wa zamani ndio waliokuwa wa kwanza kuipanga, wakaunda undugu wao humo, wakauita Chungu Kimoja kwa sababu vyombo walivyomudu siku hizo vilikuwa chungu kimoja tu. Tangu hapo, kila kijana aliyeshuka ndege na sanduku lake alilala pale kwanza, akala pale, akafundishwa kuvaa nguo za baridi na kukaa kimya mbele ya polisi. Akimaliza masomo, siku ya kuhama, wenzake huweka msumari kwenye moto naye huchoma jina lake kwenye mlango wa jiko. Jina la Hesbon lilikuwa juu kidogo ya kitasa.

Mwenye nyumba alikuwa amezeeka, na kwa kuthamini ujirani wa miaka mingi aliwapa wao nafasi ya kwanza. Walete dola elfu thelathini za kutanguliza kabla ya mwezi kwisha, benki iwakopeshe zilizobaki. Wasipoleta, kuna kampuni iliyokwisha kupima ua na ilitaka kubomoa. Wanafunzi saba waliokuwa wakiishi humo hawakuwa na pa kwenda, na Hesbon, mwenyekiti wa waliohitimu, alikuwa amewaapia kwa kinywa chake kwamba hawatatoka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hesbon alikwisha kuvua hadi soksi.

Tatizo lilikuwa waliohitimu wenyewe. Wana kazi nzuri, wana magari, wana watoto wanaowajibu kwa Kiingereza cha puani. Lakini andika kwenye kundi la WhatsApp "tuokoe nyumba yetu," utaletewa mikono ya maombi mingi kuliko ibada ya Pasaka, na pesa hakuna. Basi ikabaki harambee.

Kila Mkenya anaijua kanuni ya harambee, ingawa haikuandikwa popote. Mgeni wa heshima ndiye kipimo. Yeye hutoa kwanza, tena hutoa kikubwa, na wengine hupanga bahasha zao nyuma yake, karibu naye lakini bila kumpita, maana kumpita mgeni ni kumvua nguo. Mgeni akitoa elfu kumi, aliyekuja na mia mbili huona haya akaongeza. Mgeni akitoa mia, kazi imekufa, watu wale pilau waende zao.

Hapo ndipo Hesbon alipomkumbuka Reginaldi.

Reginaldi hakuwa Mkenya na hakuwahi kuwa mwanafunzi. Alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, akaletwa Louisville, akawa anapakua mizigo ghalani. Majira fulani ya theluji walimkuta analala ndani ya gari bovu, wakamwingiza ndani. Alikaa nao miaka miwili. Kwa kuwa hakuwa na cha kuchangia, alipika, na maharage ya Reginaldi yalisomesha wahandisi na mfamasia mmoja. Wote walimwita ndugu. Kisha akahamia Buffalo, upande wa mashariki, kwa jamaa zake, na siku ya kuhama hakuna aliyekumbuka kuweka msumari motoni. Sasa alionekana Facebook, amekunja mikono kifuani mbele ya malori matatu meupe.

"Huyo ndiye mtu wetu," alisema Kamau. Kamau huyu aliuza bima Columbus na alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, ndiyo maana kila sherehe ilikuwa yake kuiongoza. "Three trucks! Elfu kumi kwake ni chai."

Truphosa, mke wa Hesbon, alikuwa akikunja sare zake za uuguzi. Aliuliza, "Kwani Reginaldi anajua mgeni wa heshima anafanya nini?"

"Nani asiyejua?" Hesbon akacheka.

Akampigia simu. Akamwambia wamemchagua awe mgeni wa heshima katika sherehe ya nyumba.

"Mimi?" Reginaldi akasema. "Mgeni wa heshima ni mimi?"

"Ni wewe, ndugu yangu."

"Nitakuja. Nitakuja na mama."

Hesbon alikata simu akipiga mluzi.

Walichagua ukumbi wa kanisa Linden, huko Columbus, kwa kuwa ni katikati ya wa Louisville na wa Buffalo. Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Mbele waliweka meza yenye kikapu, na kando yake kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe. Reginaldi aliingia amevaa suti mpya ya buluu. Nyuma yake alikuja Generoza, mkewe, amemshika mkono mama mkwe wake, Florida, aliyevaa imvutano, lile vazi la sherehe la Kirundi linalofungwa begani. Bibi yule alikiona kiti cha mwanawe, akasimama katikati ya ukumbi na kufunika mdomo kwa kiganja.

Hesbon aliona fahari. Alimfuata Truphosa jikoni kwenye chai, na Generoza akawakuta huko, macho yanang'aa.

"Shemeji, niulize kitu. Mtampa cheti, au ile ngao ya mbao? Maana nimeacha ukuta wazi sebuleni na sijui nipige msumari mmoja au miwili."

"Cheti?" Hesbon akasema.

"Cha mgeni wa heshima." Generoza alicheka kwa aibu. "Mnisamehe, nimezidiwa na furaha. Kambini mgeni wa heshima alikuwa mtu wa shirika. Anakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa, watoto wanamchezea ngoma, anapewa zawadi, anaondoka. Mume wangu alikuwa katika hao watoto, pekupeku kwenye vumbi. Na leo kiti ni chake! Tena mmemkumbuka wakati mzuri. Tangu benki ilipochukua lori lake hajalala usingizi wa maana."

"Si ana malori matatu?"

"Yale ya kwenye picha? Mawili ya bosi wake. Lake lilikuwa moja, nalo limekwenda."

Generoza akarudi ukumbini. Truphosa alimtazama mumewe tu, na lile swali alilouliza akikunja sare likarudi na kukaa kati yao.

Mgeni wa Hesbon hana kitu, wala hajui kwamba anatakiwa kutoa. Na kulikuwa na jambo la tatu, baya kuliko hayo. Alimjua Reginaldi. Akitajwa mbele ya mama yake, akadaiwa mbele ya ukumbi, mtu yule atatoa. Atauza gari, atakopa, atakata chakula cha watoto, lakini hatakubali mama yake amwone anaaibika. Kwa hiyo Hesbon akinyamaza tu, akamwacha Kamau afanye kazi yake, nyumba itapona. Wazo hilo lilimpitia akilini, na halikupita haraka. Alilitazama, akaziona sura za wale saba aliowaapia, akaogopa jinsi lilivyokuwa rahisi.

Akaenda kumvuta Kamau mkono kando ya jukwaa.

"Ruka mgeni. Anza na watu wa Louisville."

"Nini? Hesbon, be serious. Watu wameshika bahasha, wanamngoja yeye. Nikimruka, kila mtu anatoa fifty dollars na kurudi home."

"Hana kitu, Kamau. Na hajui. Anadhani tumemwita kumshukuru."

Kamau akatazama saa, akatazama ukumbi. "Basi atoe alichonacho. Siwezi ku-cancel sasa." Akapanda jukwaani.

Alimmwagia Reginaldi sifa mpaka sifa zenyewe zikachoka, akamkaribisha kusema. Reginaldi alisimama, mikono imeshikana mbele kama anasali. Alisema yeye si mtu wa maneno. Alisema siku walipomgongea kioo cha gari alidhani ni polisi, kumbe ni ndugu. Alimtambulisha mama yake. Alisema nyumba ile ndiyo iliyomfundisha kwamba Amerika nayo ina watu. Akawashukuru kwa kumkumbuka, akasema Mungu awabariki, akaketi.

Makofi yalikuwa ya adabu, kisha yakakoma. Watu walisubiri. Bahasha zilikuwa magotini. Mtu wa nyuma akapaza sauti kwa utani, "Mgeni atuambie basi!" na ukumbi ukacheka. Reginaldi naye akatabasamu, akainua mkono kushukuru.

Hakuna aliyepiga makofi. Hesbon alimwona akishusha ule mkono polepole. Reginaldi alikitazama kikapu, akazitazama bahasha, akamtazama Kamau aliyekuwa anakwepa macho yake. Halafu akamtazama mama yake katika safu ya mbele. Tabasamu lilibaki usoni lakini mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka. Mkono wake ukaingia ndani ya koti, ukatoka na kitabu cha hundi.

Miguu ya Hesbon ilimpeleka jukwaani kabla hajajua atasema nini. Alinyakua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mgeni wetu ni mtu wa haya. Ameniomba nisiseme, lakini nitasema. Mchango wake alinikabidhi asubuhi, mkononi. Dola elfu kumi."

Ukumbi ulilipuka. Viti vilisukumwa nyuma, vigelegele vikapigwa, na mtu mmoja akaanza kuimba. Bibi Florida hakujua dola elfu kumi ni kiasi gani, lakini makofi aliyajua. Aliinuka, akanyoosha mikono kama pembe za ng'ombe, akamchezea mwanawe ngoma ya kwao pale mbele ya kiti cheupe. Reginaldi alikaa na kitabu cha hundi pajani, hasogei.

Mlangoni pa jiko Truphosa alikuwa na chupa ya chai mkononi. Kulikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo Hesbon angepata elfu kumi: akiba yao ya kununulia nyumba yao wenyewe. Truphosa aliitua chupa mezani taratibu, akaingia ndani.

Baada ya hapo pesa zilikuja zenyewe. Elfu tatu, elfu mbili, elfu moja na nusu, kila mtu akijikaza nyuma ya mgeni. Kabla pilau haijapoa walikuwa wamevuka thelathini, na Kamau alikuwa analia machozi ya kweli.

Kwenye maegesho Bibi Florida alimshika Hesbon mikono yote miwili. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha polepole. "Mwanangu, Mungu akuzidishie. Tangu tumekimbia kwetu, hakuna mtu aliyemheshimu mtoto wangu mbele za watu. Wewe umemheshimu."

"Amina, mama," Hesbon akasema, maana angesema nini.

Walipomwingiza bibi garini, Reginaldi alifunga mlango, akazunguka, akasimama karibu.

"Hesbon, mliniita mimi au mliita malori?"

Hesbon aligeuka; bibi alikuwa anampungia mkono dirishani.

"Nilidhani mmeyakumbuka maharage," Reginaldi akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Nitakulipa."

"Hapana, ndugu yangu. Kosa ni langu, pesa ni zangu. Achana nazo."

"Mama ameshapiga simu kambini. Wote huko wanajua nimetoa. Nitakulipa mpaka iwe kweli."

Njia nzima ya kurudi Louisville Truphosa aliangalia nje. Karibu na mto ndipo aliposema, "Pesa tutatafuta. Sikulaumu kwa pesa. Nakulaumu kwa kile kiti." Hesbon akaendelea kuendesha.

Nyumba ilinunuliwa. Wale saba hawakuhama. Siku ya kutia sahihi wahitimu wengi walikuja, na Kamau, ambaye hakuwa ameambiwa elfu kumi zilitoka kwa nani wala hakutaka kuuliza, alipita jikoni na msumari umeshikwa kwa koleo, mwekundu kabisa. Alikuwa amepata nafasi juu kabisa ya mlango, akataka jina la Reginaldi likae hapo, kwa herufi kubwa kuliko za wote.

"Mpigie aone live," alisema. "Mfurahishe mtu."

Hesbon hakutaka, lakini chumba kizima kilikuwa kinamtazama. Asubuhi ile ile malipo ya kwanza yalikuwa yameingia kwenye simu yake kutoka Buffalo, dola mia moja na hamsini. Alitoka barazani peke yake, akapiga, akaeleza.

Reginaldi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie Kamau auweke chini huo msumari."

"Ni haki yako, Reginaldi. Ilikuwa haki yako tangu zamani."

"Mama hajui kusoma, angefurahi kuliona jina tu. Mimi najua kusoma. Nikiliona juu ya yenu nitajua lilinunuliwa." Kulikuwa na sauti ya watoto nyuma yake, kisha ikafifia, kama amefunga mlango. "Siku niliyohama, Hesbon, mlango ulikuwa pale pale. Mlikuwa sebuleni mnatazama mpira. Mimi nilikuwa jikoni naosha chungu. Kilikuwa kimeshatakata, nikakiosha tena."

Hesbon alirudi ndani. Kamau alikuwa bado anangoja mlangoni, ameinua mkono, na msumari ulikuwa umeanza kuwa mweusi.