Pamba ya Kiasi

Mke wangu aliacha kwaya kwa sababu ya spika, na spika zenyewe zilitengenezwa na kaka yake wa damu. Shemeji ni fundi redio. Alichonga masanduku mawili ya plaiwudi, akafunga spika ndani yake, akatuletea sebuleni kwa mbwembwe zote, kisha akaweka rekodi ya kwaya yao. Ilipofika zamu ya mke wangu kuimba peke yake, sauti ilitoka ikivuma na kugongagonga, kama ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kumbe miaka kumi yote mmekuwa mkinivumilia na sauti hii?"

Tulimwambia tatizo si yeye, ni sanduku. Hakutuamini. Wiki iliyofuata hakwenda mazoezini, na ile ya pili vilevile. Hata nyumbani alinyamaza, na huyu ni mtu anayeimba akipika, anayeimba akifua, mimi nikishona magodoro yangu uani huku namsikia. Niliikosa ile sauti, sina haja ya kuficha.

Nikamfuata shemeji kibandani kwake nimefura kwa hasira.

"Umeniharibia mke," nikamwambia.

"Pole, shemeji. Sanduku ni tupu ndani, ndiyo shida. Sauti haitokei mbele ya spika tu, inatokea na nyuma. Ikigonga ubao inarudi imechelewa, inavuruga ile ya mbele. Mle ndani panataka pamba."

Sasa, mimi nimejaza magodoro, mito na makochi kwa miaka ishirini na miwili. Mtu wa kunifundisha habari za pamba hajazaliwa. Nikamwambia kazi hiyo aniachie mimi.

Nikafungua migongo ya masanduku, nikashindilia. Katika kazi yetu mto usioshindiliwa ni wizi. Mteja anaubonyeza kwa kiganja, na ukibonyea anakurudishia palepale. Nilishindilia pembe zote kwa mpini wa nyundo mpaka kifuniko kikagoma kufunga. Ilibidi nikikalie ndipo skrubu zikashika.

Jumamosi mchana shemeji akaja na rekodi, nasi tukamwita mke wangu. Alikuja shingo upande, mikono ina mapovu ya sabuni. Mvumo ulikuwa umeisha kweli, ila na uimbaji nao ulikuwa umeisha. Maneno yalisikika kwa mbali, kama anaimba amejifunika mablanketi.

"Sasa mmenizika kabisa," akasema, akarudi kwenye nguo zake.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. "Hili si godoro, shemeji. Hakuna anayekuja kulala humo. Ichambue, iwe nyepesi, hewa ipite."

Nilinuna, lakini ukweli haupingwi. Nikaing'oa pamba yote, nikaichambua kwa vidole, nikabandika tabaka jepesi kwenye kuta na katikati nikaacha wazi. Tukajaribu, tukapunguza, tukajaribu tena. Mara nne tulifungua na kufunga, na mara zote nne mke wangu alipita na ndoo yake bila hata kugeuza shingo.

Mara ya tano alisimama mlangoni. Sauti yake ilikuwa inatoka wazi, pamoja na ule mkwaruzo mdogo anaokuwa nao akipanda juu, ambao mimi naupenda kuliko yote. Alisikiliza wimbo mzima ameishika ndoo ya nguo mbichi. Sikuthubutu kumtazama usoni.

"Ubeti wa pili," akasema. "Nimeingia mapema."

"Mbona sisi hatujasikia?" akauliza shemeji.

"Mimi nimesikia. Nimewahi, na wenzangu wakanifuata ili kunisitiri." Akaitua ndoo chini. "Mazoezi ya leo bado ni saa kumi na moja, au wamebadilisha?"

Nikamwambia sijui, lakini aende tu, nguo nitaanika mimi.