Madumu Chini ya Kitanda

Gizani, kabla hakujapambazuka, kandambili zilisikika mlangoni: kwacha, kwacha. Wifi yake mama alikuwa akipapasa madumu ya kwendea bombani. Mama mwenyewe, kitandani, akajifunika shuka na kutabasamu.

Ndivyo walivyozoea: wifi huteka maji, yeye hupika uji, kisha humrudishia madumu matupu mlangoni. Lakini jana mtoto wake aliambiwa shuleni achore mtu anayemlisha, akamchora shangazi yake! Mama akaona wivu. Uji apike yeye, sifa abebe mwingine? Akayaficha madumu.

Kulipokucha wifi akauliza, "Wifi, madumu yako wapi?"

"Mie mlinzi wa madumu?"

Mtoto alianza kulia njaa. Mama akambembeleza kwa somo alilojifunza yeye mwenyewe katika shule ya jioni.

"Jani lina kazi mbili, mwanangu. Ya kwanza hunasa mwanga, ikajaza nguvu kwenye vyombo vidogo mno. Ya pili hutumia nguvu hiyo kutengeneza sukari, halafu hurudisha vyombo vitupu vikajazwe tena."

"Visiporudishwa?"

"Ile ya kwanza inakwama."

"Na ya sukari?"

"Inakwama pia. Nguvu itaipata wapi?"

Maneno yalimtoka, macho yakaangukia sufuria kavu jikoni. Uso ukamwiva kwa aibu. Akafungua kinywa amwambie wifi yake, lakini mtoto akamtangulia.

Mtoto akafuta machozi.

"Shangazi, madumu yapo chini ya kitanda cha mama."