Wagonga Meza

Tangu asubuhi nilikuwa roho juu. Kila mlango wa ukumbi ulipofunguliwa niligeuka, nikaona mhadhiri mwingine na kikombe chake cha kahawa, nikasonya. Mkutano wa kila mwaka wa wasomi wa Kijerumani hauna watu wengi, tunajuana hata kwa kikohozi, na safari hii ilikuwa zamu ya chuo chetu kuuandaa. Nilikuwa nimemwalika mama.

Mama alitaka niwe mkunga kama yeye. Nilipochagua Kijerumani hakugomba, alinyamaza tu. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha mama kimedumu miaka bila mshindo wowote. Wageni wakimuuliza kazi yangu hujibu, "Anafundisha," kisha huwakaribisha chai haraka ili wasiulize anafundisha nini. Iliniuma, sifichi. Nilitaka alitaje somo langu mbele ya watu, hata mara moja.

"Mbona hutulii? Kiti kina upupu?" aliniuliza mwenyekiti wa kikao. Tulimpachika jina la Profesa Nukta kwa sababu hasamehe nukta iliyosahaulika.

"Namngoja mama, Profesa."

"Mama atafika. Wewe panda, zamu yako hii."

Nikapanda jukwaani. Nilikuwa ukurasa wa pili, nasoma kwa Kijerumani, mlango ulipofunguka tena. Alikuwa yeye, ndani ya gauni lake la kuendea harusi za watu. Akaketi safu ya nyuma kabisa, mkoba mapajani, kama jamaa wa mgonjwa nje ya wodi. Basi nikavurugika. Ulimi ukawa mzito, nikaruka aya nzima, nikamaliza mbio mbio bila kuinua macho.

Wenzangu wakafanya tunavyofanya siku zote. Sisi hatupigi makofi. Tumeiga vyuo vya Ujerumani, msemaji akimaliza tunamgongea meza kwa vifundo vya vidole. Kwa miaka yote niliyogongewa haikunijia kwamba mgeni angeshtuka. Ukumbi mzima ukanguruma.

Mama akasimama.

"Mwacheni!"

Meza zikanyamaza.

"Kama amekosea, mwambieni kwa mdomo kama watu wazima! Mnamgongea nini, mwizi? Huyu amesoma Kijerumani mpaka macho yakaingia miwani. Nimemwona mimi, kwangu, mezani kwangu. Kijerumani chenu anakijua! Nani wenu wa kumfukuza?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimeshika kingo za mimbari, machozi yakinitoka mbele ya wasomi wote wale, wala sikuona haya. Alikuwa amelitaja somo langu, tena mara mbili.

Profesa Nukta aliinuka taratibu. "Mama, utuwie radhi. Hapa kugonga meza ndiyo makofi yetu. Binti yako ametufurahisha."

Mama akamtazama, akatutazama sote mmoja mmoja. "Sasa si mngesema mapema? Kazini kwangu ukisikia watu wanagonga mlango hivyo, unajua kuna mtoto anatoka vibaya." Hapo ndipo ukumbi ulipocheka. Yeye akagonga meza yake mara moja, kwa nguvu, akaketi na kurekebisha gauni.

Wakati wa chai nilimkuta ukumbini, kwenye dirisha, akipepea kikombe kwa mkono. Hatukuzoea kuambiana mambo makubwa, basi nikajiegemeza dirishani kando yake.

"Ulikuwa unawaeleza nini, hata ukatokwa jasho vile?" aliuliza.

"Hadithi za zamani za Wajerumani, mama. Namna zinavyowaeleza mama wa kambo. Wote wabaya."

"Na mama mzazi je?"

"Huyo hana nafasi. Mara nyingi hufa ukurasa wa kwanza."

Akanywa chai kidogo, akafikiri.

"Mwaka ujao uwaambie," alisema, "wako hakufa. Alichelewa tu."