Jumbe Arobaini na Moja za Kibua

Kwa miaka minne Hakorimana mwenyewe ndiye aliyekuwa daraja. Katika ofisi ya afya ya Masisi, programu ya wagonjwa na programu ya dawa hazikusikilizana; kila asubuhi alisoma huku, akaandika kule, na vituo vya mlimani vikapata dawa. Watu walimwita Papa Mashini, naye akatembea kifua mbele.

Kisha akaja Patient kutoka Goma, na tarishi wake. Tarishi huyo ni programu ya katikati: hupokea ujumbe upande huu, rezo ya mtandao ikikatika huutunza, ikirudi huufikisha upande ule. Mama Anne, mkuu wa ofisi, alimsifu Patient wiki nzima. Kila sifa ilimwingia Hakorimana kama pilipili jichoni. Alimchukia Patient hata kwa jinsi alivyokoroga chai.

Siku ya nane, tarishi aliweka kando jumbe arobaini na moja bila kuzifikisha. Zote zilitoka kituo cha mlimani cha Kibua, zote ziliomba dawa za malaria za watoto. Patient alizipekua mpaka shati likamganda mgongoni.

Hakorimana aliliona tatizo mara moja, akanyamaza. Mama wa Kibua akiulizwa mtoto alizaliwa lini, hujibu, mavuno ya pili ya maharage, na muuguzi huandika hivyo hivyo. Hakorimana alikuwa akigeuza kimyakimya: mwezi wa sita. Tarishi alitaka tarehe, akapewa maharage. Siri hiyo haikuandikwa popote ila kichwani mwa Hakorimana. Akinyamaza, Mama Anne angemfukuza tarishi na kumrudishia yeye kazi yake. Akisema, kazi imekwenda.

"Kaka, nimeshindwa," Patient alisema. "Na batoto ba kule banangoya dawa."

Hakorimana alizitazama zile jumbe arobaini na moja, akainuka.

"Mutu wa Goma anashindwa na maharage," akasema. "Toka mu kiti."

Akaandika mwenyewe kanuni ya kugeuza mavuno kuwa miezi, akipiga vitufe kama anayepura. Arobaini na moja zikawa kumi, zikawa hakuna.

Chumba cha pili, Mama Anne aliona maombi yakiingia. "Aksanti, Patient."

Hakorimana alingoja mwenziwe aimeze sifa ile, ili apate haki ya kumchukia maisha yote.

"Hapana mimi, Mama," Patient akaita. "Hakorimana njo mwenye amefanya."

Hilo lilimuuma kuliko yote. Hata kwa uungwana, kijana wa Goma alikuwa amemzidi.