Gari la Msimamizi

Kwetu kando ya mto Morava husema Mungu yuko mbinguni, msimamizi yuko duniani. Msimamizi ndiye aliyesimama nawe kanisani siku ya ndoa, ndiye aliyewashika wanao kwenye maji ya ubatizo, na akikanyaga kizingiti chako unainuka hata kama una homa. Ndugu yako wa tumbo moja mnaweza kugombana mkapatana. Msimamizi hagombwi. Nayasema haya mapema ili mtu asiniulize kwa nini Jagoda hakwenda kununua gari kwa mtu mwingine.

Jagoda ni jirani yangu. Ukuta wa jiko lake ndio ukuta wa stoo yangu. Alikuwa mpishi katika shule ya msingi, mwanamke asiye na maneno mengi. Mama yake alipofariki alimwachia kipande cha mizabibu kule mlimani. Akakiuza, akasema: "Safari hii nanunua gari, na liandikwe jina langu." Mumewe, Momir, alikuwa mtu wa vibarua, leo vipo kesho havipo, na muda uliobaki aliumalizia baani. Binti yao, Neda, alikuwa amepata nafasi katika shule ya uuguzi mjini, na basi la asubuhi lilikuwa linakuja linapojisikia.

Msimamizi wao, Obrad, alikuwa na uwanja wa magari ya mtumba kwenye barabara kuu. Siku ya kununua walikuwa watatu tu: Jagoda, Momir na Obrad mwenyewe. Obrad aliwapitisha kwenye magari yote, kisha akasimama mbele ya gari la kijivu, linang'aa, akapiga paa lake kwa kiganja kama mtu anayempongeza farasi.

"Hili limewahi kugongwa, msimamizi?" Jagoda akauliza.

"Ligongwe na nani? Lilikuwa la daktari mzee wa Austria. Kanisani na kurudi, kanisani na kurudi." Kisha akaweka mkono kifuani. "Jagoda, Neda nimembeba kwa mikono hii juu ya maji ya ubatizo. Mimi nikupe gari bovu?"

Jagoda aliniambia aliona aibu kwa kuuliza. Kwenye mkataba kulikuwa na mstari ule unaokuwa kwenye kila mkataba wa gari kuukuu huku kwetu: umeona, umenunua. Alipoukodolea macho, Obrad akacheka. "Hayo ya wanasheria hayo. Saini, twende tukanywe kahawa."

Akasaini.

Gari lilikwenda vizuri majira yote ya joto. Mwezi wa Septemba, Jagoda alikuwa anamrudisha Neda kutoka mjini, trekta likaingia barabarani mbele yao likivuta tela la pilipili hoho. Akakanyaga breki, lakini akaligusa tela kwa nyuma. Nasema akaligusa kwa sababu tela lenyewe lilibonyea kidogo tu, na mwenye trekta alishuka kwanza kuokota pilipili zake. Ndipo akasikia Jagoda anapiga kelele.

Mkanda wa Neda haukukaza. Ulifunguka tu kama utepe wa zawadi, na msichana akaenda na uso mpaka kwenye dashibodi. Taya lilivunjika mahali pawili. Kifuniko cha dashibodi nacho kilipasuka, na mle ambamo mfuko wa hewa wa kumkinga abiria ulipaswa kuwa, yakatoka magazeti. Magazeti ya Kiitaliano, yamekunjwa vizuri, yamebanwa kwa gundi ili kifuniko kisicheze. Jagoda aliyashika mkononi akiwa amepiga magoti barabarani. Alidhani amerukwa na akili.

Neda akiwa tayari mikononi mwa madaktari, fundi wa polisi alilipandisha gari juu, akalitazama kwa chini, akamwita. "Mama, hili si gari moja. Mbele ni gari lake, nyuma ni gari lingine. Wameyachomelea katikati, hapa chini ya viti."

Kutoka pale Jagoda hakupita nyumbani. Alikwenda uwanjani kwa Obrad, na vumbi la barabara bado liko kwenye magoti yake.

Obrad alimkumbatia. Alilia hata, wanasema waliokuwepo. "Mtoto wangu wa ubatizo! Mungu amemnusuru."

"Msimamizi, mle ndani kulikuwa na magazeti."

"Magazeti gani?"

"Unayajua."

Obrad akamwachia. "Mimi nanunua yakiwa hivyohivyo, Jagoda. Siyafungui tumbo. Na wewe uliona, ukanunua. Lakini sisi ni watu wa nyumba moja; chagua gari lingine hapo, lolote, nitakufanyia bei."

"Lingine lenye magazeti ya nchi gani?"

Vijana waliokuwa wanaosha magari wakaacha kuosha. Obrad akawa mwekundu shingoni. "Nenda nyumbani ukapumzike. Mwite Momir aje tuzungumze wanaume."

Momir akaenda, wakazungumza wanaume. Alirudi jioni amelewa, akasema mambo yamekwisha, msimamizi atalipia hospitali. Hospitali yetu matibabu ya mtoto ni bure.

Neda alikaa wiki nyingi taya limefungwa kwa waya, anakunywa supu kwa mrija. Waya ulipotolewa, upande mmoja wa mdomo haukuamka. Maneno yalimtoka yameloa, na herufi ya "s" ilimshinda kabisa. Msichana aliyekuwa anaimba akianika nguo, ukuta mzima wa stoo yangu ukimsikia, akaacha hata kuitikia salamu.

Jagoda akaenda kwenye chama cha kutetea wanunuzi, mjini, ghorofa ya pili juu ya duka la viatu. Mimi ndiye niliyempeleka. Wakili pale alikuwa mwanamke mmoja mfupi, Zorka, anayekula huku anasoma. Alisoma mkataba, akafuta vidole.

"Huu mstari wa umeona, umenunua haumlindi mtu aliyeficha," akasema. "Kama alijua na akanyamaza, anawajibika. Kama anauza magari kwa biashara, ndiyo zaidi. Una haki ya kurudishiwa hela yako yote na fidia ya msichana. Kesi kama hii naishinda."

"Kwa hiyo hakuna tatizo?"

"Tatizo ni moja tu. Mnunuzi aliyeambiwa kasoro kabla ya kununua, akanunua hivyohivyo, hana madai. Aliwaambia?"

"Alituambia la daktari."

"Alikuwepo nani mwingine?"

"Mume wangu."

Zorka akatabasamu. "Basi vizuri. Tuna shahidi."

Habari za kesi zilienea kabla hatujafika nyumbani. Kanisani wanawake wakamwachia Jagoda benchi zima peke yake. Dukani muuzaji alimrudishia chenji juu ya kaunta, hakumwekea mkononi. Mama mmoja, ambaye wanawe wote wamebatizwa na ukoo wa Obrad, alimsimamisha njiani. "Jagoda, anayemshitaki msimamizi hukauka mkono."

"Mkono wangu ndio unaomlisha mjukuu wako shuleni kila siku," Jagoda akamjibu. "Mwombee usikauke."

Yeye aliyaweza. Momir ndiye hakuyaweza. Baani alikuwa anaketi, na wenzake wanahamia meza nyingine. Hawakumtukana. Walibeba glasi zao tu, wakaenda. Nilimwona mwenyewe dirishani, mwanamume mzima yuko na chupa yake kama mgonjwa wa kuambukiza. Siku moja nikaona Obrad ameingia, amevuta kiti, ameketi naye. Na meza ikajaa tena.

Siku ya kesi tuliketi nyuma, mimi na Neda. Obrad alivaa suti ileile aliyoivaa siku ya ubatizo wa Neda. Fundi wa polisi akaeleza magari mawili, akaonyesha picha. Hakimu, mwanamke mwenye mvi, aliitazama ile ya magazeti muda mrefu. Nikasema moyoni: imekwisha, tumeshinda.

Halafu wakili wa Obrad akamwita Momir. Zorka akageuka kumwangalia Jagoda, maana sisi ndio tuliokuwa tumemtaka awe shahidi wetu, naye alikuwa akisema kichwa kinamuuma, mgongo unamuuma, atakuja, hatakuja.

Hakimu alimwonya kwamba kusema uongo mahakamani ni kosa la jinai. Momir akaitikia kwa kichwa.

"Msimamizi alituambia," akasema. "Pale uwanjani. Alisema limegongwa mbele, mifuko ya hewa imetoka, limeungwa. Alisema ndiyo maana anatupunguzia bei."

"Aliwaambia nyote wawili?"

"Wote wawili."

"Na mkeo alisema nini?"

Momir alikuwa anaangalia sakafu. "Alisema si kitu. Alisema litatufikisha mjini."

Jagoda hakupiga kelele. Alisema tu, "Momir," kwa sauti ya mtu anayemwamsha mwenzake asubuhi. Hakimu akamwambia anyamaze. Pembeni yangu Neda alikuwa ameshika upande ule wa mdomo wake uliolala, anauminya, kama unamuuma upya.

Hukumu ikaja baadaye kwa posta. Mnunuzi alijua kasoro, madai yametupwa, gharama za kesi juu yake. Zorka alikata rufaa. Akamwambia Jagoda ukweli: bila Momir kuyakana maneno yake, rufaa ni karatasi tu.

Usiku ule nilisikia kila kitu. Ukuta wetu ni mwembamba.

"Uliambiwa?" Jagoda akauliza. "Obrad alikuambia pembeni, mimi nisijue?"

"Hapana."

"Apa."

"Kama ningejua, ningemwacha mtoto apande?" Momir akawa analia. "Sikujua. Naapa kwa kaburi la mama, sikujua."

"Basi ulisema uongo."

"Ningefanya nini? Ulitaka nisimame mbele ya watu niseme msimamizi wangu ni mwizi? Hela hupatikana, Jagoda. Msimamizi hapatikani mwingine."

"Na taya?"

Nikasikia kiti kinavutwa, halafu mlango.

Rufaa ilikwama, kama Zorka alivyosema. Lile gari Obrad alilivuta na kulirudisha uwanjani, kwa wema, akasema, ili lisiwakae machoni. Nasikia lina mwenyewe sasa, vijiji vya juu huko.

Ikaja Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, anayeilinda nyumba ya Momir tangu kwa babu zake. Siku ile hualiki mtu. Anayejua njia anakuja. Jagoda alipika siku mbili. Nilimwuliza anampikia nani, akasema mtakatifu hana kosa. Akawasha mshumaa, akachemsha ngano ambayo kila mgeni huionja kwanza, akaipamba kwa sukari.

Nyumba ilijaa. Watu walewale wa benchi la kanisani walikuja, maana mambo ya chakula ni mengine. Mwisho akaja Obrad, na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, kwapani. Momir akainuka upesi mpaka kiti kikaanguka. Wakabusiana mara tatu, akamketisha mahali pa heshima, chini ya picha ya mtakatifu.

Neda ndiye aliyekuwa akizungusha sahani ya ngano. Akafika mbele ya Obrad, akasimama. Obrad akafanya ishara ya msalaba, akachota kijiko, akala. "Umekua, mwanangu," akasema. "Sema neno basi, msimamizi wako akusikie."

Meza nzima ikamgeukia. Neda akafungua mdomo. "Msimamizi," alitaka kusema, na ile "s" ikamponyoka pamoja na mate yakimtelemka kidevuni. Mtoto wa mtu mmoja akacheka, akapigwa kofi na mama yake.

Obrad akaangalia sahani.

Jagoda alitoka jikoni na bakuli la kabichi iliyojazwa wali. Akaliweka mezani, mbele ya Momir, akavua aproni. Akachukua makoti mawili kwenye msumari, akamvika Neda la kwake, akamfunga vifungo kama mtoto wa chekechea. Momir alisema, "Jagoda, watu wako mezani," naye akamjibu, "Naona," wakatoka.

Walikaa kwangu mpaka theluji ikayeyuka, kisha wakapanga chumba na jiko mjini. Jagoda yuko kiwanda cha mikate sasa. Neda aliacha uuguzi; anafanya kazi nyuma, kwenye ghala la duka la dawa, pasipo na wateja. Gharama za kesi Jagoda bado anazilipa.

Pasaka iliyopita Momir aliwafuata. Nilikuwa nimewatembelea. Hakuingia, alisimama kwenye ngazi akiviringisha kofia mikononi.

"Rudi nyumbani," akamwambia. "Watu wananicheka."

"Wanaketi nawe mezani?"

"Wanaketi."

"Basi nenda ukaketi," Jagoda akasema, akafunga mlango polepole, asimwamshe Neda aliyekuwa amelala baada ya zamu.