Ukoko wa Jumamosi

Jana usiku usingizi ulinichukua nikiwa bado nimevaa nguo za kikaoni, nikaota nimebebeshwa viti.

Vilikuwa viti vya plastiki, vile vyeupe vya kukodisha, vimefungwa mgongoni kwangu kwa kamba ya katani. Kimoja cha kamati ya harusi ya binti wa jirani, kingine cha wazazi wa shule, kingine cha kamati ya maji ya mtaa. Juu kabisa kulikuwa na kigoda ambacho sikukumbuka nilikipokea lini. Sikushangaa. Hapa Korogwe mimi ni mwenyekiti wa mambo mengi, na mwenyekiti ni mwenye kiti.

"Nimechoka," nikasema. "Nataka kukaa."

"Kaa," kikajibu kiti cha harusi.

"Nitakaaje na ninyi mko mgongoni?"

Viti vikanong'onezana. "Hilo halimo kwenye katiba," kikasema cha wazazi.

Nikaenda nyumbani. Naingia mlangoni kiubavu, nakwama. Naingia kinyumenyume, nakwama. Mume wangu Hoza akatoka kutazama kinachogonga. Hoza ni fundi baiskeli, mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti tangu anioe.

"Karibuni," akasema, kwa wingi.

"Baba Salha, ni mimi."

"Nakuona. Na wageni wako nawaona. Tulikuwa tunataka kula, wapitishe dirishani tukae wote."

"Kuna kikao sasa hivi. Sina nafasi."

Nilipotamka hivyo, ukuta wa sebuleni ukasogea. Ulisogea taratibu, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi, ila ulisogea kuja ndani. Kabati likaomba radhi na kupanda juu ya kochi.

Binti yetu Salha, ambaye ana miaka kumi, akatokea chini ya meza. "Mama, shikamoo. Njoo uone kitu."

"Marahaba. Kesho, mwanangu. Leo sina nafasi."

Ukuta wa pili ukasogea. Hoza akaiokoa redio akaikumbatia kifuani. Salha akakunja magoti mpaka kidevuni. Dari nayo, ambayo hakuna aliyeihusisha, ikashuka kidogo kwa kuiga.

"Mama Salha," akasema Hoza, shavu likiwa limegusa dari, "usiseme neno lingine kwanza."

Simu ikaita. Alikuwa Bi Mwanahawa, katibu wa kamati ya harusi. "Mwenyekiti, uko wapi? Watu wameshafika."

"Nakuja," nikasema.

Kuta hazikusogea. Kwa Bi Mwanahawa nafasi ilikuwepo. Hoza aliangalia redio yake na Salha akaangalia vidole vya miguu.

Nafumba macho, nafumbua, niko ukumbini.

Ni ukumbi wa harusi, umepambwa kwa vitambaa vya zambarau na dhahabu. Meza kuu imejaa. Kamati ya harusi imekaa na sare zake. Bomba la maji la mtaa limevaa tai na linadondosha matone kwenye kitambaa cha meza. Pembeni yake ameketi kuku mmoja mnene, ambaye nilimtambua kuwa ni mradi wa kina mama. Mbele yao kuna masufuria, na upawa unaelea hewani wenyewe, unapakua.

"Leo kuna chakula gani?" nikauliza.

"Wiki yako," likasema bomba.

Nikachungulia. Jumatatu ilikuwa ugali na dagaa. Jumatano ilikuwa ndizi, na ilikuwa imeshakombwa. Jumamosi ilikuwa wali wa nazi, sufuria zima, na bomba lilikuwa linaongezwa kwa mara nyingine huku likilalamika kwamba nazi ni nyepesi.

"Nani amewapanga hivi?" nikauuliza upawa.

"Wewe. Umewapa kipaumbele. Aliye mbele anapakuliwa mbele."

"Lakini huyu ni bomba."

"Mimi ni upawa," ukasema. "Mapenzi siyajui. Naangalia foleni tu."

Ndipo nikaitazama foleni. Ilianzia meza kuu, ikazunguka nguzo, ikatoka nje kidogo, ikarudi. Mwishoni kabisa, karibu na mlango wa choo, walisimama Hoza na Salha na sahani zao. Walikuwa wamevaa nguo za Idi. Hoza ameishika sahani kwa mikono miwili, kama anapokea kitu cha mtu mkubwa.

Zamu yao ilipofika upawa ulikwangua. Nilisikia ule mlio wa bati hadi kwenye meno.

"Umebaki ukoko wa Jumamosi," ukasema.

"Asante," akasema Salha. Kisha akaniona. "Usijali, mama. Tumeshauzoea. Baba huwa anauloweka kwenye chai."

"Ukilowekwa unalainika," Hoza akaongeza.

Hakusema kwa kunisuta. Angenisuta, ningepata la kujibu.

Nikaenda mbele ya meza kuu na viti vyangu mgongoni. "Naomba mpishe," nikasema. "Wote."

Bomba likaacha kutafuna. "Kwa hoja ipi?"

"Kwamba wale pale ni watu wangu na wana njaa."

"Hoja ni nzito," likasema bomba, "ila lazima iungwe mkono."

Nikavigeukia viti vyangu, yaani nikazunguka navyo. Vikasema visamehewe, vyenyewe ni vya aina ile isiyo na mikono. Kuku akatazama dirishani. Tone la bomba likalia kitambaani. Nikajua hoja yangu inakufa, na nikaona Hoza ameshaanza kutafuta mahali pa kupata chai.

Bi Mwanahawa akanyoosha mkono polepole. "Naunga," akasema. "Kwangu pia wanakula ukoko."

Basi nikaanza kuifungua kamba. Fundo lilikuwa gumu, na nililitambua. Lilikuwa fundo langu mwenyewe, lile ninalofungia kuni.

"Ukituacha, tutakaliwa na nani?" kikauliza kiti cha wazazi.

"Na yeyote mwenye makalio."

Viti vikatazama ukumbini. Makalio yalikuwepo ya kutosha. Vikaonekana kufarijika, na mimi nikaumia kidogo, maana nilidhani vitalia.

Kikabaki kigoda. "Na wewe ni wa nini?" nikakiuliza.

"Hata mimi sijui," kikasema. "Uliulizwa ukasema ndiyo, nikapanda."

Nikakiweka chini karibu na mlango. Mgongo wangu ukanyooka kwa mlio, kuku akashtuka akateremka mezani, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Bomba lilikuwa la mwisho. Liliondoka na sahani yake.

"Mbele sasa wako nani?" ukauliza upawa.

"Hao wawili."

"Jumamosi imekwisha. Haipikwi mara mbili."

"Najua," nikasema, na ni kweli nilijua. "Jumapili je?"

Upawa ukainama chini ya meza, ukainua kawa. Harufu ya pilau ikajaa ukumbi mzima, ya mdalasini na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi. "Ipo," ukasema. "Ilikuwa inangoja kuulizwa."

Tukakaa sakafuni, kwa sababu viti sikutaka hata kuviona. Sinia moja, mikono mitatu. Hoza alinisogezea nyama ya upande wake bila kuniangalia, kama alivyokuwa akifanya zamani tulipokuwa tunaishi chumba kimoja. Salha alikula kwa mashavu yote mawili.

"Ulitaka nione nini?" nikamuuliza.

Akameza. Akapachika ulimi kwenye pengo la jino, akapiga mluzi mrefu, safi, ulioingia masikioni ukakaa. Hoza akasema amekuwa akiupiga muda mrefu sasa, mtaa mzima unaujua. Nikamwambia aurudie. Akaurudia, nikacheka mpaka nikaegemea nguzo, na nguzo ikageuka mto.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Ilikuwa Jumapili. Simu ilikuwa inaita, jina la Bi Mwanahawa limejaa kiooni.

"Mwenyekiti," akasema, "leo tunakutana?"

"Bi Mwanahawa, mimi kiti nakirudisha. Kaa wewe, au mwekeni mwingine. Na leo usikutane na mtu, kaa na watoto wako."

Nilingoja anilaumu. Akapumua kwa muda mrefu, akasema, "Mungu akubariki, dada," akakata upesi, nadhani akiogopa nisije nikabadili mawazo.

Nikaenda chumbani kwa Salha. Alikuwa bado amelala, ubavu, kiganja chini ya kichwa. Jana niliporudi kutoka kikaoni nilikuta wao wameshakunywa uji wa mahindi na kwenda kulala. Mchele ndani hamna tangu wiki iliyopita.

Karibu na mdomo wake ilikuwa imeganda punje ya pilau, ya kahawia, inang'aa mafuta. Nikaichukua kwa ncha ya kidole nisimwamshe.

Ilikuwa bado ya moto.