Bastola ya Orrin Imekwama Tena

Lorna alipokuwa hai, Orrin Kuzma hakujua hata chupa ya mafuta ya bastola inakaa wapi. Kazi yake ilikuwa kupiga shabaha Jumanne jioni katika chumba cha chini cha klabu. Kazi ya Lorna ilikuwa kuisafisha bastola Jumatano asubuhi juu ya meza ya jikoni, kwa vitambaa vya fulana kuukuu, huku akilalamika kwamba kaolewa na mtu anayeleta masizi nyumbani hata baada ya kustaafu kiwanda cha chuma. Hakuna aliyeyaamini malalamiko hayo. Siku Orrin alipojaribu kusafisha mwenyewe, mkewe alimnyang'anya brashi.

Lorna alifariki mwanzoni mwa vuli. Theluji ilipoanguka ligi ya klabu ikaanza, na Orrin akaenda kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Bastola hakuisafisha. Chupa ya mafuta ilikuwa kwenye droo ya Lorna pamoja na miwani yake ya kusomea, na droo ile hakuwa na moyo wa kuifungua.

Bastola ya risasi ndogo za kipimo cha ishirini na mbili ina uvumilivu, ila una mwisho. Risasi zake zimepakwa nta, baruti yake huacha masizi, na uchafu huo hujikusanya mdomoni mwa chemba, pale risasi inapokaa, mpaka risasi mpya iingie nusu na kugoma. Jumanne moja, katikati ya zamu ya kupiga upesi upesi, bastola ya Orrin ikagoma.

Ikikukwamia pale, hugeuki wala husemi neno. Unaiacha ielekee shabaha, unainua mkono ule mwingine na kungoja msimamizi. Akiona kosa ni la chuma na si lako, unaruhusiwa kurudia. Msimamizi alikuwa Twyla Bodnar, dereva wa basi la shule, mwanamke ambaye akikohoa tu basi zima linanyamaza. Alikuja, akachungulia, akaguna.

"Mzee Orrin, unailisha nini hii, makaa?"

Zamu ilipokwisha watu wakaizunguka meza yake, kila mmoja fundi.

"Hiyo ni springi ya magazini, ile inayosukuma risasi," alisema Gus Petrak, nahodha wa timu. "Nakwambia springi."

"Springi yako iko kichwani, Gus. Ni hizo risasi za bei chee anazonunua."

"Mnyimeni kahawa mpaka aisafishe."

Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Mtu akamsogezea Orrin mkate wenye nyama ya nguruwe bila hata kumuuliza, naye akacheka. Akiwa njiani kurudi, kwenye gari lake lenye hita mbovu, alitambua kwamba jioni ile amezungumza kuliko siku zote tangu mazishi.

Jumanne iliyofuata ikakwama tena, wakaja tena. Kufika Krismasi alikuwa anajua fika dawa yake ni nini, na hakuitumia. Tuseme ukweli tu: mzee mzima alikuwa anaiacha bastola nzuri ioze ili watu wasimame karibu naye. Aliona haya, na kila Jumanne aliinua mkono.

Theluji ilipokaribia kuisha, Gus alimvuta pembeni, safari hii bila utani.

"Mzee wangu, wiki ijayo tunacheza na wale wa ng'ambo ya mto. Miaka yote wanatucheka. Isafishe hiyo kitu, nakuomba. Tunakutegemea."

Angesemaje? Jumatatu akaifungua droo. Miwani ilikuwepo, na chini yake bunda la vitambaa ambavyo Lorna alishavikata na kuvipanga, vya kutosha msimu mzima. Orrin alilia palepale, amesimama, hata kofia hajavua. Kisha akaketi akafanya kazi. Alisugua chemba kwa brashi, akapitisha kitambaa kimoja baada ya kingine kwenye mtutu mpaka kikatoka cheupe, na mafuta akatia kidogo sana, maana alikuwa anamsikia kabisa: "Tone moja, Orrin. Hukaangi samaki."

Siku ya mechi bastola ilifanya kazi barabara. Maganda yaliruka moja baada ya jingine, hakuna lililosita. Gus alimpa ishara ya kichwa kutoka mbali, akaendelea na yake. Twyla alimpita mara kadhaa bila kusimama. Watu wote walijazana kwenye meza ya mgeni mmoja ambaye bastola yake ilikuwa imegoma, wanamwambia ni springi. Orrin alisimama peke yake na bastola yake safi, akahisi upweke uleule wa jikoni kwake umemfuata hadi pale.

Zamu ya mwisho alipiga risasi nne. Ya tano hakuipiga. Aliinua mkono.

Twyla akaja. Akaivuta ile risasi, ikatoka bila taabu. Akaigeuza vidoleni: pini ya kufyatulia haikuwa imeacha alama ukingoni mwake; Orrin hakuwa amevuta kifyatulio. Akachungulia chemba, ikang'aa.

"Haina kosa hii," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Sasa mkono wa nini?"

Mkono ulikuwa bado juu, na ni Twyla aliyeushika na kuushusha. Kisha akatangaza kwa sauti yake ya basi, "Hakuna kurudia. Ihesabiwe ilivyo."

Timu yao ilishindwa kwa hiyo risasi moja. Gus hakumlaumu, alifunga mkoba wake tu na kutazama pembeni. Orrin alitokea mlango wa nyuma, akaapa harudi tena.

Alhamisi, kati ya zamu yake ya asubuhi na ya alasiri, Twyla alibisha mlangoni kwa Orrin akiwa na mkoba wa bastola mkononi.

"Yangu inakwama," alisema. "Lorna aliniambia nyumba hii wanajua kusafisha."

Orrin akaitoa, akahakikisha ni tupu, akauelekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha na kuchungulia. Ndani kulikuwa safi kama sahani iliyooshwa sasa hivi, na mafuta yalinuka bado mabichi. Aliangalia kwa muda mrefu. Twyla alikuwa anatazama jiko.

"Ina hali mbaya?" aliuliza.

"Mbaya sana, mwanangu," Orrin alisema, akaifungua droo. "Vua koti. Hii si kazi ya siku moja."